Dakika Nne za Suheli

Nyumbani kwetu, kwenye miteremko iliyo juu ya Karatina, hapakuwa na saa hadi nilipokuwa mtu mzima mwenye mshahara. Mama alikuwa akiuza kabeji na karoti sokoni, na siku za soko ilimbidi atoke kukiwa bado giza ili apate mahali pazuri pa kutandaza mali yake. Alifungua mlango wa jikoni, akatoka na leso mabegani, akainua uso na kutazama juu ya mti wa jirani, mgrevilea mrefu. Kisha alirudi ndani, ama awashe moto, ama alale tena kidogo. Sikuwahi kumuuliza alichokuwa akikitazama. Nilidhani anaangalia kama mvua inakuja.

Ninavyojua mimi, alikosea mara moja tu. Mbingu ilikuwa imefunikwa na ukungu, naye akakisia. Alipata lori la watu wa viazi, na alipofika sokoni akamkuta mlinzi peke yake, amejifunika gunia. Ilikuwa bado usiku wa manane. Mama akakalia kabeji zake hadi kulipokucha, wakiongea na yule mlinzi habari za ng'ombe na za watoto. Hadithi hiyo alitusimulia kila Krismasi, na kila mara alimalizia kwa kusema kwamba siku hiyo angalau hakuna aliyemnyang'anya nafasi.

Baada ya shule nilipata kazi katika shamba la maua karibu na Timau. Huko ndiko nilikoonana na saa ana kwa ana. Lango lilifungwa kwa dakika, si kwa saa, na aliyechelewa alirudi nyumbani. Nilijifunza kutembea haraka gizani huku baridi ya mlima ikiniuma masikio. Mshahara wa kwanza nilimnunulia mama saa ya ukutani, ya plastiki, rangi ya kijani. Aliitundika kando ya kalenda ya kanisa, akanishukuru sana, halafu asubuhi iliyofuata nikamsikia akifungua mlango wa jikoni kwenda kutazama mgrevilea.

"Mama, si saa iko hapo?"

"Niliiona," akajibu. "Nilitaka tu kujua kama inasema ukweli."

Saa hiyo ilisimama miaka michache baadaye, wakati uleule mkataba wangu shambani ulipoisha na haukuandikwa tena. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikaa nyumbani majuma kadhaa nikimsaidia mama kupalilia, kisha nikasema nitaenda Nanyuki kutafuta kazi yoyote, hata ya kuosha vyombo hotelini. Mama aliifunga ile saa kwa leso, akanipa.

"Kule kuko na fundi. Mpelekee. Isikae hapo ukutani ikitudanganya."

Fundi mwenyewe alikuwa mzee Mwislamu aliyezaliwa papo hapo Nanyuki, ambaye baba yake alikuja kama mfanyabiashara wa mifugo, akaishia kutengeneza saa. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya maduka, katika njia nyembamba ambapo mtu angeweza kupita mara kumi bila kukiona. Ukutani kulikuwa na saa kama ishirini, nyingine zikitembea, nyingine zimesimama, na zote zilizotembea zilisema dakika ileile. Hilo ndilo lililonishangaza kwanza.

"Betri umebadilisha?" aliniuliza.

"Nimebadilisha mara mbili, mzee."

Alifungua mgongo wa saa ya mama, akaweka kilenzi chake jichoni, akaigeuza kuelekea mlangoni penye mwanga, akaigeuza tena. Akatikisa kichwa. "Mashine imekufa, binti. Hii haifai kutengenezwa. Nunua nyingine."

Nilikuwa nimeinama karibu naye. Katikati ya magurudumu mawili madogo ya plastiki niliona kitu chembamba kama unywele, kimepinda.

"Mzee, kuna kitu hapo. Ni kama mguu wa sisimizi."

"Wapi?"

"Hapo chini, kwa gurudumu dogo jeupe."

Alitazama tena, kwa muda mrefu, na nikatambua kwamba hakioni. Hakubisha. Alinipa kibano chake. Nilikuwa nimeshika waridi mamia kwa maelfu kwa vidole hivi, nikiondoa majani bila kugusa ua, kwa hiyo mkono haukutetemeka. Nilitoa ule mguu, halafu nikatoa sisimizi mwenyewe, mkavu. Mshale wa sekunde ukaruka, ukaanza kutembea.

Mzee hakuitazama saa. Alinitazama mimi.

"Macho yako yanafanya kazi wapi?"

"Kwa sasa hayana kazi, mzee."

"Basi njoo kesho. Mimi nina kazi, lakini macho yangu yameanza kuniaga."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye ufundi. Nilipanga chumba si mbali na kibanda, na kila asubuhi nilifika kabla yake, tabia niliyoitoa Timau. Alinifundisha kushika bisibisi bila kuikaba, kutandaza kitambaa cheupe chini ya mikono ili skrubu ikianguka ionekane, na kupanga kila kipande kwa utaratibu uleule kilivyotoka. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Nikikosea aliniambia tu, "Rudi nyuma," nami nilirudi nyuma hatua moja moja hadi nilipoona kosa mwenyewe. Wateja wengi walikuwa wachuuzi wa mifugo kutoka upande wa Doldol, wenye saa za mkononi zilizojaa vumbi la huko. Nilizipenda zile saa. Ukizifungua ilikuwa kama unafungua kipande cha barabara.

Mwaka wa kwanza ukielekea kuisha, wazee wa kanisa moja la upande wa Timau walituletea saa kubwa nyuma ya pikapu, imelazwa juu ya godoro. Ilikuwa saa ya zamani ya timazi, yaani ile yenye chuma kinachoning'inia ndani ya sanduku na kuyumba kushoto kulia. Ilikuwa imesimama miaka mingi, na wakati huo walikuwa wakirekebisha paa la kanisa, wakaona aibu kuirudisha mahali pake ikiwa bubu. Tuliisafisha kwa majuma matatu. Nilitoa mafuta meusi yaliyokuwa yameganda kama lami. Siku ilipotembea kwa mara ya kwanza, mzee alifumba macho akaisikiliza, akaweka kipande cha kadibodi chini ya mguu mmoja wa sanduku, akaisikiliza tena.

"Sasa haichechemei," akasema. "Iliyobaki ni kuifundisha mwendo."

Chini ya timazi kulikuwa na nati. Ukiipandisha nati saa inaharakisha, ukiishusha inachelewa. Kazi ilikuwa kujua inakosea kiasi gani kwa siku moja. Mimi nilitoa simu.

"Tulinganishe na hii, mzee. Siku tatu tumemaliza."

"Tutamaliza, ndiyo," akasema. "Simu itatuambia saa. Lakini nataka ujue simu nayo imeitoa wapi."

Siku hiyo alinipeleka chumba cha nyuma, mahali tulipoiweka ile saa. Dirisha lake lilitazama kusini. Kwenye fremu alikuwa amepigilia bati dogo lenye tundu la ukubwa wa punje ya njegere, ili jicho likae palepale kila usiku, na kupitia tundu hilo uliona kona ya jengo refu la jirani, ukuta ulionyooka toka juu hadi chini kama uliokatwa kwa kisu. Aliniambia baba yake alifanya hivyohivyo katika dirisha hilohilo, tofauti tu ni kwamba enzi zake ukuta ulikuwa wa jengo jingine. Kuna nyota moja kubwa, akasema, inayopita upande wa kusini miezi hii ya kiangazi. Yeye aliiita Suheli. Ukiweka jicho kwenye tundu, utaiona ikienda taratibu kuelekea ukuta, na itafika wakati itazimika ghafla, kana kwamba kuna mtu ameipuliza. Wakati huohuo uandike saa ya timazi inasema nini.

Jioni ya kwanza tulifanya pamoja. Yeye alikaa kwenye stuli mbele ya saa, mimi nikaweka jicho kwenye bati. Giza la Nanyuki huingia upesi. Jua likishazama hakuna cha kungoja. Suheli ilikuwa hapo, nyeupe, imetulia, na kwa muda niliamini haiendi popote. Halafu nikaona nafasi kati yake na ukuta imepungua.

"Sasa!" nikapiga kelele.

"Saa mbili na dakika ishirini na mbili," akasema mzee, akaandika kwenye daftari la shule lenye jalada la bluu. Alionekana kufurahi zaidi kuliko kazi yenyewe ilivyostahili. Aliniambia kesho nifike kwenye tundu mapema, kuanzia saa mbili kamili, nisingoje. Sikumuuliza kwa nini mapema.

Kesho yake alipata habari kwamba rafiki yake, mchuuzi wa mbuzi wa Doldol, amefiwa. Ilimbidi aende kutoa pole na kulala huko. Aliniachia funguo na daftari. Akanifundisha jinsi ya kufanya peke yangu: nyota ikizimika, nianze kuhesabu milio ya timazi nikiwa bado nimesimama dirishani, nitembee hadi kwenye saa huku nahesabu, nisome mishale, kisha niondoe ile hesabu.

"Utaweza?"

"Nitaweza, mzee."

Saa mbili kamili nilikuwa dirishani. Saa mbili na dakika tano wingu likashuka kutoka mlimani. Halikuwa na haraka. Lilikuja kama blanketi linalovutwa na mtu aliyelala, likafunika kusini yote. Nilisimama na jicho kwenye tundu hadi shingo ikauma. Ilifika saa mbili na nusu, ikafika saa tatu, na hapakuwa na nyota hata moja. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuachiwa kibanda. Nilifikiria mkataba wa shamba ambao haukuandikwa tena. Nilifikiria mama akiwaambia majirani kwamba sasa mimi ni fundi. Nilimwazia mzee akifungua daftari na kukuta mstari mtupu, akisema moyoni kwamba amemwachia kazi mtu asiyeweza.

Nilichukua kalamu nikaandika: saa mbili na dakika ishirini na mbili. Ilikuwa ileile ya jana. Niliona kwamba kama saa ni nzuri na nyota ni nyota, basi lazima zikutane dakika ileile. Hata nilijiona mwerevu.

Mzee alirudi mchana, amechoka, viatu vyekundu kwa vumbi. Alinawa, akaswali, akaketi. Kisha akavuta daftari karibu kabisa na uso wake.

"Uliiona nyota?"

"Niliiona, mzee."

"Ikazimika saa ngapi?"

"Kama nilivyoandika. Mbili na ishirini na mbili."

"Sawasawa na juzi."

"Sawasawa."

Alilifunga daftari polepole, akaliweka juu ya meza, akalinganisha ukingo wake na ukingo wa meza. "Vizuri," akasema. "Leo tutatazama pamoja tena."

Jioni hiyo mbingu ilikuwa safi kama sufuria iliyosuguliwa. Nilikuwa dirishani saa mbili kamili kwa sababu yeye mwenyewe aliniita. Nilisimama bila wasiwasi nikijua nina dakika ishirini na zaidi za kungoja. Lakini nilipoweka jicho kwenye tundu nikashtuka. Suheli ilikuwa karibu na ukuta kuliko nilivyotarajia. Nilifuta jicho, nikatazama tena. Ilikuwa inaenda. Haikuwa hata saa mbili na robo ilipozimika.

Nilisahau kupiga kelele.

"Imeingia?" akauliza mzee, tochi yake ndogo ikimulika mishale ya saa.

"Imeingia."

"Mbili na dakika kumi na tatu," akasema. Nikasikia kalamu yake ikikwaruza karatasi. Timazi lilikuwa likiyumba, na nililihesabu bila kutaka.

"Mzee," nikasema mwishowe, "jana sikuiona. Kulikuwa na wingu."

"Najua."

"Ulijuaje? Doldol kulikuwa na wingu pia?"

"Doldol kulikuwa kweupe. Niliiona Suheli kutoka kwa boma la marehemu." Alisimama akaja dirishani, akaegemea ukuta karibu nami. Hakuwa na hasira katika sauti yake, na hilo ndilo lililoniliza. "Nyota hairudi dakika ileile, binti. Kila siku inatangulia kidogo. Dakika nne, kasoro sekunde chache. Leo inatangulia nne, kesho nne nyingine, baada ya mwezi imetangulia saa mbili nzima, na mwisho jua linaimeza huwezi kuiona tena mpaka msimu wake. Ndiyo maana nilikwambia uje mapema. Ulipoandika ileile ya juzi, nikajua hukuiona."

Nililia pale dirishani, mtu mzima wa miaka ishirini na saba. Nilimwambia niliogopa ataniona sifai. Nilimwambia habari ya shamba, na ya lango, na ya mama na majirani. Alisikiliza yote. Kisha akawasha taa, akachukua daftari, akanipa kalamu na kunionyesha mstari wangu.

"Kata hiyo. Usifute, kata kwa mstari mmoja ili tuone ilikuwa nini. Halafu andika wingu."

"Niandike wingu tu?"

"Si ndilo uliloliona? Wingu si kosa lako. Hii ukiiacha, mimi ningegeuza nati kwa sababu yake, na saa ya watu ingeharibika tukishangaa nini kimetokea."

Niliandika. Kisha akanionyesha hesabu, na ilikuwa rahisi hivi kwamba niliona haya upya. Toka juzi hadi leo ni siku mbili. Nyota ilipaswa kutangulia karibu dakika nane. Saa ya kanisa ilionyesha karibu tisa. Kwa hiyo ilikuwa inachelewa, kama nusu dakika kwa siku. Alipandisha nati kidogo, kama mtu anavyofunga kifuniko cha chupa ya mtoto, akaniambia niende kulala. Nilipofika mlangoni nikageuka.

"Kesho nije?"

"Usipokuja nani ataniambia 'sasa!'?"

Tuliifuata Suheli majuma mawili na siku kadhaa. Jioni za wingu tuliandika wingu, nazo hazikuwa chache. Mara mbili mvua ndogo ilituzuia. Kadiri siku zilivyokwenda nyota ilitangulia hadi ikawa inaingia ukutani mapema zaidi, mwanga wa jioni ukiwa bado haujaondoka kabisa, na ilibidi nikaze macho. Nati tuliigeuza kidogo, kisha kidogo zaidi, kisha tukaiacha. Siku tuliyoirudisha saa Timau, mzee alikataa kuja. Alisema njia itamchosha. Nadhani alitaka niingie mwenyewe. Wanawake wa kanisa walikuwa wamefagia, wamepanga maua mbele. Niliisawazisha kando ya ukuta kwa sikio, nikihamisha kadibodi huku na huko mbele ya watu wote, na hakuna aliyecheka. Mwenyekiti wa kina mama alinishika mikono yote miwili.

"Mwanangu, umetuletea sauti tuliyozaliwa tukiisikia," akasema, nami sikujua niweke wapi uso wangu.

Mvua za masika zilipoanza mama alikuja Nanyuki. Nilikuwa nimemsimulia yote kwa simu, hata uongo wangu, kwa sababu niliona vibaya kumficha sehemu hiyo na kumpa zilizobaki. Alikuja na kuku aliyefungwa miguu, nduma kwenye kikapu, na maneno aliyokuwa amejipangia njiani. Mzee alimkaribisha, akamtolea kiti chenye mto.

"Mzee," mama akaanza, "mimi niko na shukrani, lakini Kiswahili yangu si ya kuongea mbele ya watu kama wewe."

"Mama, hapa tupo watatu tu, na mmoja ni mwanao."

"Basi nitaongea. Huyu msichana alikudanganya, na hukumfukuza. Mimi ningemfukuza." Akanigeukia. "Ningekufukuza." Akamrudia mzee. "Hukumfukuza, na sasa yeye ni fundi. Ndiyo nimekuja kukuona kwa macho yangu."

Mzee alimwita mhudumu wa hoteli ya jirani atuletee chai, akamuuliza mama habari za Karatina, na maneno yakahamia mvua, kwa sababu maneno ya wakulima hayawezi kukaa mbali na mvua. Mama akasema maharagwe yake alikuwa ameshayapanda kabla ya tone la kwanza. Mzee akamuuliza alijuaje. Mama akaeleza kwamba anatazama lile fungu dogo la nyota zilizosongamana; zikianza kuinama upande wa magharibi jua linapozama, mtu hatakiwi kukaa bure.

"Kilimia," akasema mzee, akasogeza kiti chake.

Mama akalitaja kwa jina la kwetu, na majina hayo mawili yalifanana hivi kwamba wote wawili wakacheka. Kisha wakaanza kubishana. Mzee alisema wachuuzi wa Doldol hungoja zipotee kabisa ndipo wanahamisha mifugo. Mama alisema hao ni watu wa ng'ombe, ukingoja mpaka zipotee mbegu yako itaozea kwa gunia. Walibishana hadi chai ikaisha. Mimi nilikaa katikati yao nikitengeneza saa ya mkononi ya mtu, nikasikia kwa mara ya kwanza kile mama alichokuwa akikitazama miaka yote ile nikidhani anatazama mvua. Alizijua nyota za kila mwezi, ni ipi iko juu ya mti kabla ya kukucha na ipi inachukua nafasi yake ikitangulia mno. Hakuna aliyemfundisha kuhusu dakika nne. Alijua tu kwamba nyota haikai mahali pamoja, kwa hiyo alihama kutoka moja hadi nyingine.

Macho ya mzee yaliendelea kumuaga polepole, kama alivyosema. Daktari alifanya alichoweza, jicho moja likapona kiasi cha kutambua sura, jingine halikurudi. Nilifanya kazi naye miaka sita. Miwili ya mwisho mimi ndiye niliyefungua saa na yeye ndiye aliyezisikiliza. Watoto wake walipomwomba ahamie kwa binti yake Isiolo, hakuleta ubishi mwingi. Aliniita Jumatatu moja, akanionyesha kwa mkono droo moja baada ya nyingine, akitaja kila kifaa kilichomo kabla sijaifungua. "Hizi zote ni zako," akasema. "Binti yangu ni mwalimu, atazifanyia nini?" Nilimwambia sitazipokea bure. Akasema basi nimletee nduma.

Leo nina kibanda changu Nyeri mjini, chini ya ngazi za jengo lenye maduka ya simu. Kazi nyingi ni betri na mikanda. Watu wengi huniambia hawahitaji saa tena, wana simu, halafu siku moja wanakuja na saa ya baba aliyefariki ikiwa imefungwa kwenye kitambaa, wanaiweka mbele yangu kwa mikono miwili. Nikiifungua na kuona imechoka mno, huwaambia wazi kwamba sijui kama nitaiweza. Wengi huniachia. Namshukuru Mungu kwa kazi hii, na kwa mtu aliyenipa.

Siku nilipofungua kibanda mzee alikuja kutoka Isiolo, mgongo umepinda, bintiye akimshika mkono. Hakuuliza kuhusu wateja wala kodi. Alipitisha kiganja juu ya meza yangu mpya, kutoka ncha moja hadi nyingine, akaketi kwenye stuli yangu, akaweka viwiko juu yake kama mtu anayefanya kazi. Akakunja uso.

"Fundi seremala yuko karibu?"

"Yuko mtaa wa pili."

"Mwite. Meza hii iko chini. Ukiinama hivi miaka kumi utaupata mgongo wangu."

Seremala alikuja na vipande vinne vya mbao, akavipigilia chini ya miguu ya meza huku mzee akiwa bado ameketi, akimwambia ongeza, ongeza kidogo, basi. Ninaketi hapo tangu siku ile, kuanzia asubuhi hadi jioni, na mgongo hauniumi.